Baraza la Fundi Timazi

Mjini kwao watu wachache sana walilijua jina lake la kuzaliwa. Walimwita Timazi, tangu siku aliposimama mbele ya mlango wa benki, akafumba jicho moja, akamwambia meneja kwamba mlango wake umelala upande kwa unene wa kijiti cha kiberiti. Meneja akacheka. Fundi akatoa mfukoni timazi yake, kile kipande cha risasi kinachoning'inia kwenye uzi, akakiachia mpaka kikatulia. Ulikuwa unene wa kijiti cha kiberiti, wala si zaidi. Jina likamganda.

Alikuwa seremala, lakini si wa vitanda na makabati. Mji ule umekaa kwenye mteremko, nyumba juu ya paa la nyumba, na mtu akitaka kupunga upepo nje ya kwake bila kuteleza hadi kwa jirani, hana budi kujengewa baraza la mbao: sakafu iliyosimama hewani juu ya nguzo, ikashikana na ukuta wa nyumba, na uzio wa kuegemea kuizunguka. Hayo mabaraza ndiyo yaliyokuwa kazi yake kwa miaka ishirini na sita, na hakuna hata moja lililopata kuanguka.

"Watu wanatazama mbao za juu tu," alikuwa akiwaambia wateja. "Wanataka zing'ae. Baraza haliui kwa mbao za juu. Linaua pale linaposhikana na ukuta."

Akialikwa kwa mtu akakuta baraza lililogongomewa ukutani kwa misumari mitupu, alikataa kukanyaga. Angekunywa chai yake akiwa amesimama mlangoni, ndani, na wenyeji wangemwona ana maringo.

Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na baraza.

Palikuwa na mlango wa baraza. Miaka kumi na tano nyuma, alipokuwa akiijenga nyumba hiyo pamoja na shemeji yake, mdogo wa mkewe ambaye ni mwashi, aliacha nafasi sebuleni upande wa bondeni, akatia mlango kabisa, wa mbao nzito, wenye kitasa cha shaba. Baraza lingefuata mwakani. Mwaka ukafika, akapata kazi za watu. Mwaka uliofuata mvua zikazidi. Mlango ukabaki unafungukia hewani, chini yake kimo cha watu wawili, na mwishowe fundi akaupigia komeo kubwa, mgeni asije akatafuta choo akajikuta bondeni.

Mkewe alikuwa akiwaonyesha wageni. "Ukiyachoka maisha, pitia pale," aliwaambia. "Mume wangu alikufikiria mapema."

Naye mke huyo mji mzima ulimjua, ingawa si kwa sura. Alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha kioo chenye vumbi, kipaza sauti mbele yake, akiita magari na kuwakemea abiria. Watu walimwita Mama Stendi. Sauti yake ilikuwa nene kidogo, haina haraka, na haikumwogopa mtu.

"Abiria wa namba saba, gari lenu linaondoka. Na wewe uliyejificha nyuma ya nguzo ukimalizia soda, dereva amekuona, ila hatakungoja."

Au: "Mwenye kuku mweupe, kuku wako amepanda namba tatu peke yake. Mfuate au umuage."

Walikuwako watu waliofika stendi mapema bila sababu, wakakaa tu kumsikiliza. Nyumbani nako alikuwa hivyo hivyo. Fundi alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, na aliridhika kukaa pembeni, anapiga msasa kipande cha mbao, mkewe anatangaza habari za siku hiyo.

Asubuhi moja, saa tatu hivi, mama alikuwa akiita namba kumi na moja. Alisema, "Abiria wa namba kumi na," kisha akanyamaza. Watu wakangoja. Wa kumi na mbili wakainua mizigo yao, na wa kumi na tano nao wakainua. Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa, kikawa kinatoa pumzi zake stendi nzima, hadi karani wa tiketi alipokimbilia ndani ya kibanda akamkuta amelalia meza, jicho moja wazi.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Baada ya miezi kadhaa mguu ulirudi nusu, wa kusogeza kwa kuegemea. Mkono haukurudi. Ulimi ulirudi vibaya: maneno yalianza kisha yakamfia mdomoni, hasa mwisho wake, na herufi zinazotoka nyuma kooni hazikutoka kabisa. Alipojaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi nazo zilimchanganyikia, akaitupa kalamu. Binti yao, muuza duka katika mji mwingine wa mbali, alikuja akakaa wiki sita, akarudi kazini. Akawa anapiga simu kila Jumamosi.

Toka nyumbani hadi barabarani palikuwa na ngazi kumi na tisa za mawe. Siku za kliniki shemeji alikuja, akamchukua dada yake mgongoni kama gunia, akapanda naye. Siku nyingine zote mama alikaa sebuleni kwenye kiti chenye mito, kando ya ukuta wa bondeni, hatua mbili toka ule mlango uliopigwa komeo.

Mwaka ukapita hivyo, na wa pili ukakaribia kuisha. Siku moja fundi alirudi toka kwa mteja, akamkuta mkewe amegeuzia uso kwenye ufa wa chini ya mlango, pale panapoingia mwanga kama uzi. Alisimama akimtazama, na moyo ukamuuma. Alifikiri anatamani nje. Hakumuuliza. Kesho yake aliwaambia wateja wake wawili kwamba wamngoje, akampigia simu shemeji.

"Nataka kulijenga," alisema.

"Nini?"

"Baraza la dada yako."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Ni ahadi ya miaka kumi na tano. Ahadi inaulizwa?"

Walianza mwanzo wa kiangazi. Fundi hakupata kujenga kwa uangalifu namna ile, hata kwa matajiri wa juu kilimani. Walichimba mashimo manne hadi kiunoni, na shimo la tatu lilipokutana na udongo wa kujaziwa, shemeji akasema panatosha, fundi akashuka mwenyewe akaendelea mpaka sururu ikagonga ardhi ngumu. Walimwaga zege. Juu ya zege wakasimamisha vikalio vya chuma, nguzo zisiguse chini zikanywa maji na kuoza kuanzia nyayo. Mbao alizitoa stoo, mbao alizokuwa akizificha mwaka baada ya mwaka, moja moja, kila alipoiona iliyonyooka kupita wenzake.

Kisha ikaja kazi ya ukuta. Ubao mnene unaoshikana na nyumba ndio unaobeba nusu ya uzito wote, na fundi alitaka bolti zipenye ukuta mzima, zifungwe kwa ndani na vipande vipana vya chuma. Kwa hiyo ilibidi kutoboa hadi sebuleni. Siku hiyo alimfunika mkewe kwa shuka, akasogeza kiti chake kidogo tu, kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba. Drili ikalia. Vumbi jekundu likatoka ukutani, likatua kwenye shuka, kwenye mito, kwenye chai.

Mama akainua mkono wa kushoto. "Sita," alisema. "Sita."

Fundi alizima drili. "Ati?"

"Si-ta." Kichwa kilikuwa kikitikisika.

Fundi akacheka kwa furaha, maana ilikuwa zamani hajamsikia akitamka neno zima. "Sita hazitoshi, mama. Naweka nane. Wewe si ndiye utakayekaa juu yake? Nane."

Mama alimtazama. Kisha akakisukuma kikombe kikaanguka. Fundi akaokota vigae, akamwomba radhi kwa vumbi, akamletea chai nyingine. Kesho yake alipokuwa akikaza nati za ndani, mama alisema tena "sita," akalirudia mara nyingi, na fundi kila mara alijibu kwa upole, "Nane, mama. Tulia. Nane." Alimsimulia hata shemeji, wakacheka pamoja kwamba Mama Stendi amerudia kusimamia kazi za watu.

Juu ya ubao ule alilaza bati jembamba lililokunjwa, maji ya mvua yasipenye nyuma yake. Mbao za kukanyaga alizifunga kwa skrubu, akaacha kati yake nafasi ya unene wa msumari, na sakafu nzima akaipa mwinamo mdogo ambao jicho halioni lakini maji yanaujua. Uzio ulifika kifuani. Fito zake zilikaribiana kiasi kwamba chungwa halipiti. Kingo zote alizilainisha kwa randa, akapitisha kiganja chake mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, akitafuta kibanzi. Kizingiti cha mlango alikikata kikawa sawa na sakafu, pasiwepo pa kujikwaa mguu mbovu. Mwisho akapaka mafuta, na mbao zikawa rangi ya asali iliyoiva.

Lilikuwa zuri. Hata watu wa mtaa wa chini, ambao kila wakiinua macho waliliona, walisimama na vikapu vyao wakasema ni zuri. Fundi aliwaita wapande kwa ngazi ya kuegemeza, walijaribu. Walikuja watu tisa, pamoja na jirani mmoja mnene aliyeitwa Mama Redio, kwa sababu habari ikimfikia saa mbili, saa tatu mtaa wote unayo. Fundi akawaambia waruke wote kwa pamoja. Wakaruka. Mama Redio aliruka mara tatu zaidi kwa raha zake. Hakuna ubao uliolia. Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya baraza, sikio kwenye nguzo, na alipoinuka macho yalikuwa na machozi, akasema ni vumbi la msumeno.

Ndani, mama alisikia kishindo cha watu wakirukaruka upande wa pili wa ukuta wake.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumapili asubuhi, na Mama Redio ndiye aliyeichagua. Fundi alikuwa amemwambia tu kwamba angependa majirani wawili watatu wawepo. Wakaja kumi na kitu, wamevaa vizuri. Baadhi walisimama kule chini mtaani, wametazama juu, maana baraza halikuwatosha wote. Fundi alimsuka mkewe nywele yeye mwenyewe, mistari ikaenda upande kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akamvika khanga mpya. Mama alishika mkono wa kiti kwa vidole vyake vizima, na fundi akavibandua kimoja kimoja, akimbembeleza.

"Ni hatua mbili tu, mama. Hatua mbili."

Akalitoa komeo. Mlango ukafunguka, na mwanga ukaingia wote kwa mara moja.

Watu walipiga makofi. Alimkalisha kwenye kiti alichomtengenezea, katikati ya baraza, uso kuelekea bondeni. Kwa dakika kama mbili hivi mambo yalikuwa mema. Upepo ulikuwepo. Mama alifumba macho, na mumewe akadhani anafurahia.

Chini mtaani akapita dereva mmoja wa zamani wa namba saba, mtu wa miraba minne, mpenda utani. Alimwona kule juu akafurahi kikweli. Hakuwa na habari nyingine zaidi ya kwamba aliumwa. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti:

"Mama Stendi! Na sisi wa namba saba je? Tunaondoka saa ngapi?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, wakimgeukia. Nyuso zote, za juu na za chini, zilimngoja. Alikuwa amejibu maneno ya namna hiyo kwa miaka kumi na tisa, na jibu lilionekana kumjia, kwa kuwa upande wa kushoto wa mdomo uliinuka. Akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa sauti ndefu, nzito, isiyo na neno ndani yake. Akajaribu tena. Mate yakamtiririka kidevuni, na mkono ulioweza kuyafuta ulikuwa umeng'ang'ania kiti.

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mwanamke mmoja alisema, "Tumshukuru Mungu tu, yu hai." Mwingine akatazama viatu vyake. Kule chini yule dereva alishusha mikono, akasimama kama mtu aliyegonga kitu barabarani, kisha akajiondokea taratibu. Mama Redio, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado havijanywewa.

Mama alilia kwa nusu ya uso. Nusu nyingine ilibaki kimya, inatazama bonde.

Fundi akamnyanyua, akamrudisha ndani. Alipomkalisha, mama alinyoosha mguu wake mzima, akausukuma mlango, ukafunga. Kitasa kikalia.

Wiki iliyofuata fundi alifikiri tatizo ni macho ya watu. Akatengeneza kiambaza cha fito nyembamba, chenye kimo cha mtu, akakifunga upande wa mtaa, aliyekaa aone nje bila kuonekana. Mama hakutoka. Akamwambia basi watoke siku za kazi, saa nne, wakati mtaa ni mtupu. Mama akageuza uso. Akamleta shemeji amshawishi. Shemeji alikaa na dada yake nusu saa, akatoka, akamwambia fundi, "Mwache."

"Nimwache vipi? Daktari alisema apate hewa."

"Shemeji, mwache."

Jumamosi binti akapiga simu, na fundi akaiweka simu mezani isikike na wote. Alimlalamikia binti kwamba mama yake amegoma, kwamba kazi yote ile imekuwa ya bure, kwamba labda yeye mwanamke mwenzake atamwelewa. Kabla binti hajajibu, mama aliinama juu ya simu.

"Sita," alisema. "Sita. Sita."

"Haya tena," fundi alisema. "Ndilo neno lake la bolti hilo. Tangu nilipotoboa ukuta ni sita, sita. Nimemwambia ni nane."

"Baba," binti alisema. "Mama anasema sitaki."

Fundi akazitazama nati za bolti ukutani.

"Ki haiwezi, baba, inamkatikia. Alianza kuniambia hivyo toka mlipochimba mashimo. Nilidhani unajua. Nilidhani mmeelewana, ndiyo maana unaendelea."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimtazama yeye, na machoni hamkuwa na hasira. Ingekuwepo hasira angejua pa kuishika. Mlikuwa na uchovu tu, ule wa mtu aliyesema jambo mara mia moja, likasikika mara ya mia moja na moja wakati halina tena faida. Fundi akasimama, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji, akaliacha likitiririka bila kuosha kitu.

Baada ya hapo hakumbembeleza tena. Lakini baraza lilikuwepo, na baraza la mbao linahitaji matunzo. Kabla ya mvua ni lazima lipakwe mafuta. Siku moja aliaga kwenda kwa mteja, akafika njiani akapata ujumbe kwamba mteja amesafiri, akarudi. Hakutaka kumsumbua mkewe, akazunguka nyumba, akapanda kwa ngazi ya kuegemeza, akaanza kupaka. Sakafu ile haikuwa na ubao unaolia, kwa hiyo mama hakujua kwamba kuna mtu.

Fundi akamsikia mkewe kupitia mlango. Alikuwa akitangaza.

"A-bi-ria," alisema polepole. "Abiria wa. Wa. Na." Akapumzika. Akaanza upya. Alifika palepale, pakamshinda, akarudi mwanzo. Alikuwa akijaribu kwa uvumilivu usio na haraka hata kidogo, sauti ile ile ya zamani chini ya magofu yake, na mara moja, mara moja tu, ilitoka "namba" nzima. Fundi alikaa ameshika brashi hewani, mafuta yakimdondokea gotini, hathubutu kusogea.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hakujisamehe, ingawa lilitoka kwenye furaha. Jioni, akimlisha, hakuweza kujizuia.

"Nimekusikia leo," alisema. "Ulisema namba, mama. Safi kabisa. Nilikuwa nje pale, nikakusikia."

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Mama akafunga mdomo. Alimtazama, kisha akautazama mlango, kisha ukuta wote ule wa bondeni, kama mtu anayegundua kwamba hata mahali pale pa mwisho palikuwa na mtu upande wa pili. Hakula tena jioni ile.

Wala hakujaribu kutangaza tena. Fundi aliwahi kurudi kimyakimya mara kadhaa, kwa aibu, akasimama chini ya dirisha la jikoni. Alisikia saa ya ukutani tu. Mhudumu wa kliniki alisema ulimi usiotumika unazidi kulala, amhimize. Fundi aliitikia kwa kichwa. Mwezi mmoja baadaye mama kwa ishara alitaka kiti chake kihamishwe chumbani, upande wa juu, ambako dirisha linatazama ukuta wa jirani. Fundi akakihamisha.

Watu wakaanza kuja kulitazama baraza. Lilionekana toka mtaa wa chini wote, na mwenye macho alijua ni kazi ya aina gani. Walipita sebuleni, wakavua viatu wenyewe, wakatoka nje, wakaegemea uzio, wakaruka kidogo kama watu wanavyoruka wakiwa juu ya kitu cha mwenzao. Walitaka kama lile lile. Mmoja aliuliza litakaa miaka mingapi.

"Thelathini," fundi alisema. "Likipakwa mafuta, zaidi."

Aliona alivyolitamka neno lile, kama mtu anayesoma hukumu yake. Mteja akasema vizuri sana, na akauliza kama mama mwenye nyumba analifurahia. Fundi akasema hajambo, amelala.

Mama Redio alikuja siku moja, mpole kupita kawaida yake, akaomba kuanika nguo zake pale, kwa kuwa kwake jua linapita haraka. Fundi alimruhusu. Tangu siku hiyo mashuka ya watu yalining'inia barazani tangu asubuhi hadi alasiri, na watu wa mtaa wa chini wakazoea.

Kwa sasa fundi na mkewe wana namna yao ya kuzungumza, waliyofundishwa kliniki na ambayo ingeweza kuwepo tangu mwanzo. Anamshika mkono wa kushoto, anauliza. Kubonyeza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Maji? Mara moja. Dirisha nifunge? Mara mbili. Fundi, ambaye maisha yake yote hakuwa mtu wa kuuliza, sasa anauliza kutwa nzima.

Jioni moja ya mvua alikaa kitandani kando ya kiti chake. Maji yalikuwa yakipiga mbao za nje, yakishuka kwenye mwinamo bila kutuama. Akamshika mkono.

"Unataka nilibomoe?"

Mara mbili.

"Nilikuwa nafikiri labda ukijua halipo utakaa sebuleni tena. Utapenda kukaa sebuleni?"

Mara mbili.

Akangoja. Alijaribu kutafuta swali la tatu, lile ambalo jibu lake lingekuwa mara moja, akapitia moja moja kichwani kama anavyopitia mbao stoo. Hakulipata. Mkono wa mkewe ulikuwa ndani ya wake, mkavu, mwepesi, haubonyezi kitu. Baada ya muda akaurudisha pajani mwa mkewe, akamfunika miguu, akaenda jikoni kutazama sufuria.